Mfuko wa Ndani

Mwenye mtoto anayefanya kazi karibu na chombo chenye magurudumu asome haya mpaka mwisho, hata kama ana sufuria jikoni. Azime moto kwanza, kisha akae. Yanamhusu mama mmoja fundi cherehani, binti yake, na mfuko mdogo ambao ukiuona ungesema hauna madhara kwa mtu.

Mama huyo alikuwa na chumba cha kushonea mbele ya nyumba yake, chenye dirisha moja na cherehani mbili, moja ya kushonea na moja ya kung'olewa vipuri. Nyumba yenyewe ilikuwa chini ya njia ya ndege. Ndege ikija kutua, vikombe vilisemezana kabatini, na mteja aliyekuwa katikati ya maneno alingoja ipite ndipo amalizie. Wateja walishazoea. Wengine walisubiri kelele hiyo makusudi ili wataje kipimo cha kiuno bila wenzao kusikia.

Alikuwa na binti mmoja tu. Jina lake la nyumbani lilikuwa Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kutamka neno la kwanza hakuwahi kunyamaza. Alikula akiongea, alipiga mswaki akiongea, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini alikuwa akibishana na mtu. Chiriku alikuwa dereva wa gari la mkanda pale uwanja wa ndege. Gari hilo ni fupi, limebeba mgongoni mkanda mrefu unaozunguka. Dereva hulisogeza taratibu hadi kwenye tumbo la ndege, huinua ncha ya mkanda mpaka mlango wa mizigo, kisha mabegi hupanda na kushuka yenyewe. Katika zamu yake alikuwa mwanamke peke yake aliyeshika usukani. Mama alijisifu nalo kwa kila aliyekuja kupunguza nguo. Alijisifu mchana, na usiku akala kucha.

Hofu yake ilikuwa na mwanzo. Baba yake Chiriku alikuwa mpakiaji kwenye ghala. Siku moja lori lilirudi nyuma wakati dereva amegeuza shingo kumjibu mtu aliyemwita kutoka upande wa pili. Baba Chiriku alikuwa kati ya lori na ukuta. Asubuhi yake alikuwa ameondoka akisifia kola ya shati, jinsi ilivyokaa. Tangu hapo, gari likirudi nyuma hata kule mtaani, mama aliacha alichoshika na kusimama mpaka asikie limezimwa.

Basi mama na mwana wakajiwekea desturi yao. Ndege ikishapita juu ya paa, mama alipima muda wa kutua na kuegeshwa, kama robo saa hivi, halafu akapiga simu.

"Upo?"

"Nipo, mama."

Simu inakatwa, cherehani inaendelea. Ndege nne kwa siku, mara nne kwa siku. Hakuna aliyemwambia mama yule kwamba robo saa aliyoichagua ndiyo dakika ileile gari la mkanda linapoisogelea ndege. Na hakuuliza.

Kisha akaja msimamizi mpya. Wafanyakazi walimwita Bwana Koni, maana alikuwa haachi ndege isimame dakika mbili kabla hajaizungushia zile koni za rangi ya machungwa, moja kila ncha ya bawa, moja puani, moja mkiani. Walisema hata nyumbani kwake kitanda kimezungushiwa koni, na mkewe huomba ruhusa kupita. Huyo ndiye aliyetoa amri: simu zote zibaki kabatini, ufunguo anao yeye. Aliyekutwa na simu karibu na ndege, usukani ataushika kwingine.

Siku ya kwanza bila "nipo" mama alishona kola kinyume. Siku ya pili alikata kitambaa cha mteja mikono miwili ya upande mmoja. Siku ya tatu hakushona kabisa, alishika tama dirishani akitazama angani kama mtu anayengoja mvua. Jioni hiyo Chiriku akamletea reflekta yake mpya, ile fulana ya njano yenye mistari ya kung'aa, ili aipunguze kiunoni kwa sababu ilikuwa inapepea.

Mama aliipunguza. Na upande wa kushoto, kwa ndani, palepale penye moyo, akashona mfuko wa kitambaa cha njano ileile, mdomo wake ukielekea kwapani. Alishona kwa mshono mdogo mdogo ambao kwa nje usingeuona hata kwa miwani.

"Mama, hii nini?"

"Mfuko."

"Naona ni mfuko. Wa nini?"

"Wa simu. Itatetemeka tu, haitalia. Sitaki uipokee. Ikitetemeka, ibonyeze kwa juu ya nguo ikatike. Ikikatika mimi najua upo."

"Bwana Koni akiniona atanizungushia koni mimi."

"Atakuonaje? Ataingiza kichwa kwapani mwako?"

Chiriku alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake aliweka kabatini simu ya zamani iliyopasuka kioo, ya kweli akaitia mfukoni. Kwa wiki saba ikawa hivyo. Mama akipiga, simu ikikatika, mama anatabasamu peke yake na kukanyaga cherehani. Alijiona mjanja kupita serikali.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya saa nne. Ndani ya chumba cha kushonea alikuwepo Mwalimu, mama mmoja mstaafu aliyewafundisha nusu ya mtaa kusoma na nusu nyingine kuogopa chaki. Alikuwa amesimama juu ya kigoda, amevaa sketi mpya ya kusafiria, na mama alikuwa amepiga magoti akiitia pini pindoni. Mwezi uliofuata Mwalimu alikuwa anakwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza, na ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege.

"Usiishushe sana," Mwalimu alisema. "Nataka nionekane nimesafiri, sio nimehamishwa."

Ndege ikapita. Vikombe vikasemezana. Mama akaendelea na pini zake, na robo saa ilipotimia akachukua simu na kupiga. Iliita mpaka ikajifia. Haikukatwa.

Akapiga tena, papo hapo. Ikaita, ikaita, halafu ikakatwa.

"Yupo," mama alisema, akavuta pumzi.

"Nani?"

"Chiriku. Akikata, yupo."

Mwalimu alitazama chini kutoka kigodani. "Na asipokata?"

"Ndiyo napiga tena."

Walikuwa wamefika upande wa pili wa sketi, nusu saa baadaye, wakati simu ilipoita yenyewe. Mama aliona ni Chiriku, akapokea na pini mbili zikiwa midomoni. Upande wa pili kulikuwa kimya. Mtoto ambaye hakunyamaza hata siku anang'olewa jino alikuwa kimya, na nyuma yake mashine zinanguruma.

Mama alitema pini. "Chiriku?"

"Mama, nimegusa ndege."

"Umegusaje?"

"Na mkanda. Nilikuwa nimeshasimama, mwelekezaji kanionyesha ngumi, maana yake simama hapo hapo. Akazunguka upande wa pili. Simu ikatetemeka. Nikabonyeza haikukatika. Ikatetemeka tena. Nikainama kuitafuta, mguu ukalegea kwenye breki. Gari likasogea kidogo tu, mama. Nikasikia kwenye kiti, kama mtu anapogonga goti kwenye meza."

"Umeumia?"

"Sijaumia. Ndege ndiyo ina alama, chini ya mlango wa mizigo. Kama mtu amebonyeza kwa kidole gumba."

Hapa ndipo mama yule aliposema maneno ambayo mpaka leo akiyakumbuka huacha kula. Aliuliza, "Kuna aliyeona?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza."

"Mama, watu wameanza kupanga foleni. Wanapanda sasa hivi."

"Nimekwambia nyamaza. Alama ya kidole. Chuma kikubwa kama nyumba kitaumwa na kidole? Ukisema, watauliza ulikuwa unatafuta nini. Wataikuta simu. Utakosa kazi, Chiriku, na hapa ndani hakuna mwingine. Futa na kitambaa, rudisha gari, nyamaza."

Halafu simu ikakatwa, na safari hii mama hakutabasamu.

Mwalimu alikuwa bado juu ya kigoda. Hakupaza sauti. Aliyewahi kusoma kwake anajua kwamba sauti yake ikishuka ndipo pa kuogopa.

"Umemwambia mtoto nini?"

"Umesikia."

"Nimesikia. Nataka ujisikie na wewe."

Mama aliitazama simu. Mikono ilikuwa imelala mapajani kama si yake. Mwalimu akashuka kigodani taratibu, akishikilia sketi. "Mwezi ujao nitakaa ndani ya moja ya hizo," alisema. "Nitakuwa nimefunga mkanda, nimenyamaza, sijui lolote. Nitakuwa nimewaamini watu ambao siwaoni. Mmoja wao ni Chiriku wako."

Ndipo mama alipomkumbuka yule dereva wa lori. Miaka yote alikuwa akimlaani dereva. Hakuwahi hata siku moja kumfikiria yule aliyeita kutoka upande wa pili, mtu ambaye huenda hakuwa na neno la maana, labda alitaka kujua tu kama mwenzake yupo.

Alinyakua simu akapiga. Imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Mwanamke wa kwenye simu akarudia maneno yake yaleyale kwa upole, na mama akatamani kumrukia. Neno lilishatoka kinywani mwake, limekwenda kukaa sikioni mwa mtoto, na hakuwa na njia ya kulifuata.

"Ndege inaondoka saa ngapi?" Mwalimu aliuliza.

"Saa tano na nusu."

Wakatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na dakika tano.

Mama alitoka na kandambili. Uwanja haukuwa mbali, nusu saa kwa miguu ya mtu mzima, na siku hiyo mama aliutembea kwa dakika ishirini. Nyuma yake Mwalimu alifuata na sketi yenye pini, na kila baada ya hatua chache alisema "aa" pini ilipomchoma, akaendelea. Mama alimwambia arudi. Mwalimu akamjibu kwamba ametoboka vya kutosha, sasa anataka kufika.

Barabara ile ilikwenda sambamba na uzio wa uwanja. Miaka yote mama alikuwa akiomba ndege zitue salama. Siku hiyo aliomba moja isipae. Aliomba tairi lipasuke, rubani aumwe na tumbo, mvua inyeshe kwenye jua kali. Wakiwa nusu ya njia, injini ikanguruma ndani ya uzio, ikapanda, ikawa sauti ya kitu kinachokimbia. Mama alichuchumaa pembeni ya barabara, akafunika masikio. Mwalimu akaweka mkono juu ya macho akatazama.

"Ni kidogo," alisema. "Kile kidege cha watu kumi. Simama."

Walipoingia kwenye ukumbi wa abiria, palikuwa na watu wengi kuliko viti. Walikuwa na mabegi yao ya mkononi na nyuso za watu walionyang'anywa sahani kabla hawajashiba. Baba mmoja mwenye koti na mkoba alikuwa akimlalamikia kila aliyemkaribia, na mama akawa wa karibu.

"Tumeshakaa," alisema yule baba. "Tumeshafunga mikanda. Wanatushusha. Kisa? Mkwaruzo. Nimeuona kwa macho yangu wakati tunashuka, mkwaruzo wa kidole."

Mama alimshika mkono. "Wamewashusha?"

"Wote."

"Mpaka wa mwisho?"

"Mpaka rubani, mama. Anakunywa chai kule."

"Asante, baba."

"Asante ya nini? Nina kikao, nimechelewa."

"Chelewa, baba yangu," mama alisema, na machozi yakawa yanamshuka bila yeye kuyashughulikia. "Chelewa tu."

Yule baba alimtazama Mwalimu kutaka maelezo. Mwalimu alikuwa anachomoa pini kwenye paja. "Mwitikie," alimwambia. "Hana neno baya."

Mlinzi wa mlango wa wafanyakazi alipiga simu ndani, na baada ya muda akatoka mtu mfupi, mpole wa uso, mwenye filimbi shingoni na koni moja mkononi, kama mtu aliyesahau kuiweka chini. Mama hakuhitaji kuambiwa ni nani.

Ofisini kwake Chiriku alikuwa amekaa kwenye benchi, magoti pamoja, mikono katikati. Reflekta ilikuwa juu ya meza, imegeuzwa ndani nje. Mfuko ulionekana wazi, na simu kando yake. Mama aliutazama mshono wake mwenyewe na kwa mara ya kwanza maishani akatamani angekuwa mshonaji mbovu.

"Binti yako anasema mfuko huu ameushona mwenyewe," alisema Bwana Koni.

"Huyu?" mama alisema. "Huyu kutunga uzi tu anaomba msaada. Ni wangu."

"Mama, nyamaza," Chiriku alisema.

"Asubuhi nilikwambia wewe unyamaze, hukunisikia. Na mimi sikusikii."

Akayamwaga yote mezani: zile siku tatu bila "nipo", mfuko, simu ya kwanza, simu ya pili, na yale maneno ya mwisho. Alisema, "Nilimwambia afiche. Mkimfukuza mtu kwa kuficha, nifukuzeni mimi."

"Wewe sijakuajiri," Bwana Koni alisema, lakini si kwa ukali.

Kabla hajaendelea aliingia fundi wa ndege, mtu mzima mwenye ovaroli na kioo kidogo chenye mpini mrefu kama cha daktari wa meno. Alikuja na majibu. Alieleza taratibu, maana aliona kuna mama mbele yake. Ngozi ya ndege ni bati jembamba, na nyuma ya bati kuna mbavu, kama za ng'ombe, ndizo zinazoshikilia umbo. Kwa nje alama ni ya kidole. Kwa ndani, ubavu mmoja umepasuka, ufa wa urefu wa njiti ya kiberiti.

"Sasa, ingeweza kuruka?" Mwalimu aliuliza.

"Ingeruka. Ndiyo ubaya wake. Ingeruka vizuri tu, hakuna ambaye angejua. Juu kule hewa ya ndani inasukuma, inatafuta pa kutokea. Kila safari inasukuma. Leo ingeruka, na kesho labda."

"Na keshokutwa?"

Fundi alikifuta kioo chake kwa kitambaa, upande huu na upande huu. "Ndege hii inabeba watu sabini na wawili," alisema. Kisha akamgeukia Chiriku. "Wewe ndiye uliyesema? Asante. Sisi kwa macho ya kawaida tungepita hapo mara kumi." Akatoka kwenda kwenye kazi yake.

Mama alikaa kwenye benchi kando ya Chiriku. Alihesabu sabini na wawili kwa nyuso, akianza na yule baba wa kikao.

Adhabu ilikuwepo, wala isidhaniwe haikuwepo. Bwana Koni alimnyang'anya Chiriku kibali cha kuendesha. Miezi mitatu atabeba mabegi kwa mikono, atarudi darasani na wanafunzi wapya, atafanya mtihani upya kama hajawahi kuona usukani, na barua ya onyo itakaa kwenye faili lake. Ya simu peke yake, alisema, ilitosha kumtoa kazini siku hiyo hiyo. Hakumtoa kwa sababu moja.

"Kule nilikotoka," alisema, "nilikuwa na dereva hodari kuliko wote. Aligonga bawa akanyamaza. Tuligundua siku ya nne, ndege imeshakwenda na kurudi mara kumi na moja. Ilirudi, lakini mimi tangu siku ile ndiyo nikawa mtu wa koni." Akaiweka mezani ile aliyokuwa ameishika. "Mwenye kusema, naweza kumfundisha mguu ukae kwenye breki."

Mama alichomoa kiwembe chake cha kufumulia, ambacho hakikosi mfukoni mwa gauni, akavuta reflekta. "Niufumue huu mfuko sasa hivi."

Bwana Koni akaishika reflekta upande wa pili. "Acha hivyo hivyo. Hii inabaki hapa. Itatundikwa ukutani darasani, ndani nje. Kila dereva mpya ataiona kabla hajaona gari."

"Watajua ni mimi?"

"Watajua ni mama mmoja anayempenda mwanawe. Watadhani ni mama yao."

Walirudi nyumbani watatu kwa miguu, Mwalimu akiwa mbele kwa sababu hakutaka tena kutembea taratibu na pini zake. Mama hakumsukuma Chiriku aseme. Walipofika pale mama alipochuchumaa asubuhi, ndipo maneno yakaanza kumtoka binti, kwanza moja moja.

Alisema baada ya kuizima simu alikwenda kwa Bwana Koni. Alitaka kusema, mdomo ukakataa. Bwana Koni alikuwa tayari anakusanya koni ili ndege iondoke, amezipanga begani moja ndani ya nyingine. Chiriku akachomoa moja begani kwake, akarudi nayo mpaka kwenye ndege, akaiweka chini, palepale chini ya alama. Halafu akasimama kando yake.

"Akanitazama," Chiriku alisema. "Akatazama koni. Akatazama juu. Hakuniuliza chochote, mama. Alipuliza filimbi tu, na kila kitu kikasimama. Hata yule wa mafuta aliyekuwa anaimba akanyamaza."

Mama alimshika kiwiko. "Asante," alisema.

"Ya nini tena?"

"Kwa kutonisikia."

Chiriku alifikiri kidogo. "Ishirini na nne," alisema.

"Ishirini na nne nini?"

"Miaka. Miaka ishirini na nne unanigombeza kwamba sisikii. Leo nashukuriwa. Ngoja nikaandike tarehe."

Mama akampiga begani kwa kanga, na kicheko chao kikamfanya Mwalimu ageuke huko mbele na kuwaambia kwamba kuna watu hapa wanavuja damu.

Sasa nyinyi mama wenzangu, na baba pia. Mtoto akiwa kwenye usukani, au kwenye mashine, au juu ya ngazi, hofu yako ikae nyumbani na wewe. Iketishe, ipe chai. Usimtumie. Na akikosea akakupigia kukwambia, kabla hujafungua mdomo, kumbuka kuna watu wamefunga mikanda na hawajui lolote. Usimwambie anyamaze. Si kila mtu atabahatika kupata mtoto asiyesikia.

Sketi ya Mwalimu ilimalizwa siku hiyo hiyo, na kwa sababu pini nyingi zilikuwa zimeshachomolewa njiani, upande mmoja ulishuka kuliko mwingine. Mama alitaka kuirudia. Mwalimu alikataa, akasema ataivaa hivyo hivyo. Aliivaa siku ya safari yake, na kutoka dirishani mwa ndege alimwona Chiriku kule chini, reflekta mpya isiyo na mfuko, jasho kwenye paji la uso, anapakia mabegi kwa mikono na kumweleza jambo refu mtu ambaye hakuwa amemuuliza.

Mama siku hiyo alikuwa cherehanini. Ndege ikapaa juu ya paa na Mwalimu ndani yake, vikombe vikasemezana. Baadaye ikaja nyingine kutua. Mkono ukaenda kwenye simu wenyewe, kama unavyokwenda mpaka leo. Mama akaichukua, akaitia ndani ya kopo la vifungo, akafunika, akaweka mkasi juu ya kifuniko. Kisha akakanyaga. Alishona kola mbili na zote zikakaa sawa.

Jioni mlango ulifunguliwa bila hodi.

"Nipo," alisema Chiriku, na kabla hajavua viatu alikuwa ameshaanza kusimulia.